Mama na Mtoto Wanaendelea Vizuri

Habari ya kujifungua, kwa Kiswahili chetu, ina sentensi moja: amejifungua salama, mama na mtoto wanaendelea vizuri. Inatumwa kwenye kundi la familia, zinafuata hongera kwa makumi, uzito wa mtoto unatajwa, na mambo yamekwisha. Kama msomaji naiheshimu. Imetuliza mioyo mingi, na kila neno lake limepimwa. Lakini mwaka huu iliandikwa juu yangu, na tangu hapo nimeshindwa kuipita bila kuuliza: wanaendelea kwenda wapi?

Methali nayo haikunisaidia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tunaitaja kumpa mama heshima, ila ukiisikiliza vizuri inafunga mlango. Kwa kuwa yeye anajua, wengine hawana haja ya kuambiwa. Mimi nilitaka kuambiwa. Usiku wa tano, hapa Musoma, upepo wa ziwa ukigonga bati, nilimtazama mtoto wangu nikaona mgeni. Sikumchukia. Sikuhisi chochote isipokuwa hofu kwamba nikisinzia ataacha kupumua, nikawa naweka mgongo wa kiganja puani pake kila baada ya dakika chache. Maziwa yalikuwa yameshuka siku mbili kabla, matiti magumu kama mawe, na kila aliyeingia aliniita mama wa fulani, kana kwamba jina langu lilibaki wodini. Nimesoma fasihi chuo kikuu, nina rafu nzima ya riwaya za Kiswahili. Sikukumbuki ukurasa hata mmoja ulionionya.

Riwaya hizo zina mimba tele. Msichana anafukuzwa shule, baba anafoka, kijana anakana. Mimba ni kesi na mtoto ni ushahidi, na kujifungua kwenyewe hutokea kati ya sura moja na nyingine, pale mwandishi anapogeuza ukurasa.

Mama yangu alikuja kutoka Butiama na unga wa ulezi wa kunipikia uji, na Butiama, kama tunavyojua, ina simulizi ya kuzaliwa iliyo maarufu kuliko zote nchini. Aprili 1922 mvua ilinyesha, mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Nimeisikia tangu darasa la kwanza. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, mmoja wa wake wa Mtemi Nyerere Burito, anatajwa kwa jina kisha anaondoka. Je, uchungu ulimchukua usiku mzima? Nani alimshika mgongo? Alipomwona mtoto alihisi nini? Tumehifadhi hali ya hewa ya siku ile, hali ya mzazi hatukuihifadhi. Simlaumu msimulizi wa kwanza, maana jina lilihitaji mvua. Nawalaumu kidogo waliofuata, kwa miaka mia moja ya kurudia bila kuuliza.

Kitabu kilichonipa kitu kimetoka ng'ambo ya maji. Ukitoka Bunda ukafika Kisorya, unapanda kivuko kwenda Ukerewe, na Ukerewe ndiko Aniceti Kitereza alikoandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, hakikupata mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka na tarehe ya 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Ni hadithi ya mume na mke wanaodharauliwa kwa kukosa mtoto, hata wazazi wa Bugonoka wanamrudisha nyumbani, na Myombekere analazimika kulipa pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Watoto wanakuja baadaye, na wa kwanza anapewa jina linalosema kwamba kifo ni mwenzi asiyebanduka. Nililielewa jina hilo na kiganja changu kikiwa puani pa mtoto. Wazazi wale waliliweka wazi kila mtu alitamke, wakati sisi tunasema wanaendelea vizuri.

Wengi huiacha riwaya hii katikati. Ni ndefu, haina haraka, salamu zinarudiwa zote, kila dawa inaelezwa inavyochimbwa na kila chungu kinavyowekwa jikoni. Chuoni tuliita udhaifu wa msuko. Niliisoma upya nikinyonyesha, kurasa nne alfajiri, mbili saa saba usiku, na mwendo wake ukawa mwendo wangu. Siku za mtoto mchanga hazina msuko. Ananyonya, anacheua, unambadilisha, unatazama kitovu kama kimekauka, ananyonya. Kitereza anaamini kwamba jambo linalorudiwa linastahili kusimuliwa kila linaporudi, na sijui mwandishi mwingine wa Kiswahili mwenye subira hiyo.

Bado kuna kitu anakikosa, na aliyekiona si mimi. Siku ya kumi na mbili tulihamia Bunda kwa mama mkwe, aliyekulia upande wa Kisorya. Jioni nilimsomea sehemu za mimba na uzazi. Alicheka mahali nisipoona kichekesho, akasahihisha dawa moja, akasifu kwamba mzee huyu aliwasikiliza wanawake. Kisha akasema, “Lakini huyu alisimama mlangoni, mwanangu. Anajua kinachoingia na kinachotoka.”

Sijasoma uhakiki bora zaidi wa Kitereza. Anajua miiko, anajua nani aitwe na nani azuiwe, anajua ndugu watasema nini. Bugonoka akilia, tunajua kijiji kizima kimesikia. Kilio chenyewe, kwa upande wa ndani, hakimo. Na baada yake waandishi wetu, wanaume kwa wanawake, hawakuingia chumbani kuanzia pale alipoishia. Tumebaki na ujuzi mkubwa unaopita mdomo kwa mdomo wakati wa kumwogesha mtoto, na unakatika mlango ukigongwa.

Nikamuuliza mama mkwe, kwake ilikuwaje, yule wa kwanza. Nilitegemea aanze na jina la mtoto, au msimu. Akaweka kikombe cha uji chini, akamhamishia mtoto mkono wa kushoto.

“Miguu,” akasema. “Sikuweza kuihisi miguu yangu siku mbili, na sikumwambia mtu.”