Kisahani cha Majivu na Kidaka cha Ukutani

Sisi watu wa pwani tumezoea kuona chombo kikiacha kazi yake na kupewa cheo. Bakuli la Kichina lilivuka bahari, kisha badala ya kupakuliwa wali likapachikwa kwenye nguzo ya kaburi, kama yalivyopachikwa yale ya Kunduchi; au likakaa ndani ya kidaka cha nyumba ya mawe, lisiguswe na mkono ila ule wa kulifuta vumbi. Hatukuona ajabu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kutuonyesha katika Al-Inkishafi namna Pate ilivyoanguka, hakutosheka na kuwataja wakubwa waliokwisha kufa. Alitupeleka hadi kwenye vidaka vya vyombo, tukakuta ndege wamevifanya makazi yao. Alijua kuwa pambo nalo hutoa ushahidi.

Nimetanguliza hayo kwa kuwa mada yangu yaweza kuonekana ndogo mno kwa kurasa hizi. Nataka kusema juu ya visahani vya majivu ya sigara, vile vya zamani, ambavyo katika baadhi ya nyumba za Mbeya na Iringa vimeondolewa mbele ya wavutaji na kufanywa mapambo. Kimoja chashika mshumaa, kingine funguo, kingine pete na vishikizo vya shati. Vingine vimetundikwa ukutani safu kwa safu. Vimetoka katika makabati ya wazee, katika baa zilizofungwa, na katika mafungu ya vyombo vilivyotumika, sokoni Mwanjelwa na kwingineko. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 ilipoanza kuubana uvutaji katika maeneo ya umma, meza nyingi zimeachana navyo taratibu. Kuna vya kioo kizito, vya bati vilivyochapwa jina la bia au la sigara, vya mpingo, vya jiwe laini la Kisii kutoka Kenya, na vya kauri, ambavyo ndivyo vinavyogombaniwa.

Mtu akiviona Unguja ataona vikorokoro tu. Nyanda za Juu Kusini vina nasaba. Katika Iringa ya enzi ya ukoloni walowezi, wengi wao Wagiriki, walilima tumbaku. Chunya, kaskazini ya mji wa Mbeya, wakulima wangali wakiilima hadi leo. Huitwa tumbaku ya mvuke, ingawa mvuke wenyewe haupo: ni joto kavu lipitalo katika mabomba ndani ya bani, na moto wake hukokwa nje kwa kuni, usiku na mchana, kwa muda wa wiki moja hivi. Mtu hukesha. Moto ukizidi, jani huungua; ukififia, huoza. Jani hilo hufungwa mitumba, husafirishwa kwenda viwandani, na kiwanda cha Dar es Salaam chapokea majani tangu mwaka 1961. Kisha hurudi milimani likiwa sigara, likaisha kwa dakika chache juu ya kisahani. Kwa hiyo kisahani hiki ni mwisho wa safari iliyoanzia umbali wa siku moja tu barabarani.

Swali la mhakiki basi ni hili: anayekifanya pambo amekiachia sauti yake, au amekifumba kinywa?

Katika nyumba moja ya Mbeya nilionyeshwa kisahani cha kauri nyeupe chenye herufi za lile Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Hoteli ya Mbeya ilikuwa mali ya shirika hilo wakati ambapo reli yenyewe haijafika. Msafiri alishuka kwenye basi la shirika, akalala katika hoteli ya reli, asisikie honi ya treni hata moja. Treni zilikuja katika miaka ya 1970, tena za shirika jingine, TAZARA. Mwenye nyumba hakukifanyia lolote kisahani hicho. Amekiweka karibu na mlango na kutia funguo ndani yake. Mapengo matatu ya kulazia sigara yako wazi ukingoni, na doa la moto halikusuguliwa. Hilo kwangu ni pambo lililotimia, maana mgeni hulazimika kuuliza, na akiuliza atapewa historia ya mji mzima. (Asiulize tu kama kinafaa kwa karanga. Rangi za baadhi ya kauri za zamani zilichanganywa na risasi, na chakula hakistahili kukaa humo.)

Katika nyumba nyingine, Iringa, nilikuta vipatavyo kumi na viwili, vyote vimepuliziwa rangi ya dhahabu, na mapengo yamezibwa kwa gundi na shanga. Vilimetameta, wala huwezi kujua kipi cha bati na kipi cha jiwe. Nikasema wazi kwamba sikupendezwa. Mama mwenye nyumba akanijibu kwa upole: “Kaka, hivi vilikuwa vya baba. Kifua kilimuua, nami ndiye niliyemuuguza. Siwezi kuvitupa, na siwezi kuyaona yale mapengo.”

Jibu hilo lina uzito kuliko nadharia yoyote ya mapambo, na sina haki ya kumfundisha mtu namna ya kulia. Hata hivyo rai yangu juu ya dhahabu iko palepale. Mgeni asiyesimuliwa hataona baba wala maradhi, ataona mng'aro. Sanda humsitiri maiti, lakini haijidai kuwa ni nguo ya harusi. Kimoja tu kati ya vile, kikiachwa na mapengo yake na kuwekwa kitupu kwenye kidaka, kingemlilia mzee yule zaidi ya kumi na viwili vinavyong'aa.

Nasi washairi tusijione tumesalimika. Twaokota neno la Kingozi lililokwisha kulala, tukalipachika katika shairi kwa sababu linang'aa, ilhali hatujui lilikuwa likifanya kazi gani. Tumelipulizia dhahabu. Katika kufasiri, nimejifunza kuwa neno kongwe huingia vyema katika ubeti mpya pale tu linapobaki na doa lake la moto.

Lakini lipo jambo linaloniudhi zaidi ya hayo. Katika nyumba hizo hizo, pembeni mwa visahani, utakuta vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa (si Wakisii wa Kenya wenye lile jiwe, wauzaji huwachanganya kila siku). Wanawake wa Ikombe huvifinyanga kwa mikono, na vikavushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema. Ni vyombo vya leo, na mfinyanzi yu hai. Huenda yuko udongoni saa hii. Wapambaji huvitoboa kitako wakapitisha waya wa taa, huvipaka vanishi, kisha huviita “vyungu vya kale”. Kisahani kimestaafu kwa sheria na kwa afya. Chungu hiki nani amekistaafisha?

Mama yule wa Iringa alikuwa na cha kwake jikoni, cheusi kwa masizi, maharage yakichemka ndani. Nikamuuliza mbona hiki hakikupata dhahabu. Akacheka, akasema rangi ingenuka kwenye mboga.