Mwendo, Ufunguo na Hali: Utendi wa Mwindo kwa Sikio la Muziki

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imekuwa desturi kuuchambua utendi wa Mwindo kama hadithi tu: shujaa azaliwa, akataliwa na baba yake, ashuka kuzimu, arejea kutawala. Uchambuzi wa namna hiyo una faida yake, lakini unaacha jambo kubwa kando. Utendi huu wa Wanyanga wa Walikale, ambao wenyewe huuita karisi, hutambwa na kuimbwa mbele ya watu. Makala haya yanakusudia kuutazama kwa maswali matatu ya mhakiki wa muziki: mwendo wake ni upi, ufunguo wake ni upi, na hali inayojengeka ndani yake ni ipi?

Maswali hayo hujibika kwa wepesi pale ambapo muziki umeandikwa. Mfano mzuri ni konseto ya fidla na okestra ambayo Philip Glass, mtunzi wa Marekani, aliitunga mwaka 1987. Mtunzi ameweka tarakimu waziwazi. Sehemu ya kwanza huanza kwa mapigo 104 kwa dakika na kupanda hadi 120. Ya pili ni takriban 108. Ya tatu ni takriban 150, na hatima yake hurudi kwenye 104. Hapa pana funzo. Sehemu ya pili, ambayo msikilizaji huihisi kuwa ndiyo ya polepole na ya majonzi, ina tarakimu kubwa kuliko mwanzo wa sehemu ya kwanza. Kinachoituliza ni sauti nzito za chini zinazoshuka na kurudiwa tena na tena, huku fidla ikivuta sauti ndefu juu yake. Ni dhahiri basi kwamba mwendo ni jambo moja na hali ni jambo jingine.

Kwa upande wa Mwindo, matini inayojulikana zaidi ni ile ya Candi Rureke, manju wa Kinyanga, iliyokusanywa mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu. Rureke alitamba kwa siku 12, akisimulia, akiimba, akicheza na kuigiza. Katika desturi, manju hushika kibuyu cha kutikisa, hufunga njuga miguuni, na vijana hupiga fimbo kavu kwa vijiti ili kushikilia mapigo. Viitikio huimbwa na vijana hao pamoja na hadhira. Muundo huu haupo mbali na ule wa konseto: sauti moja inayotangulia, na kundi linaloibeba. Tofauti ni kwamba fidla hufuata karatasi, lakini manju hufuata watu walio mbele yake.

Tukio la ngoma laonesha jambo hili vizuri. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, amemfungia mwanawe ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto hafi; anaimba kutoka ndani ya ngoma, nayo ngoma yaibuka na kuzunguka juu ya maji mbele ya baba na watu wake. Kwa msomaji wa kitabu, huu ni muujiza wa hadithi. Kwa msikilizaji, mtoto aliyefungiwa ndani ya chombo cha muziki ndiye sasa anayeongoza muziki. Maneno ya wimbo ni ya kuaga, lakini mwenye kuaga ndiye mshindi. Je, Rureke alipunguza mwendo hapo kwa ajili ya huzuni, au aliuchapusha kwa ajili ya ushindi? Ukurasa waonesha mahali wimbo unapoanza, wala hauoneshi kasi yake.

Hata hivyo ipo athari moja ya mwendo iliyobaki. Ndani ya nyimbo zake Rureke humwita mwandishi aliyekuwa akiandika maneno yake, na kumhimiza asonge mbele. Wahakiki wengi huyapita maneno hayo kana kwamba ni mzaha. Kwa hakika ni alama ya mwendo iliyotiwa na manju mwenyewe: kalamu ilipaswa kwenda na wimbo, si wimbo kungoja kalamu.

Kuhusu ufunguo, tatizo ni la kiisimu pia. Kinyanga ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili. Kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, kwa hiyo lahani haiwezi kuchunguzwa bila kuyachunguza maneno, wala maneno bila lahani. Manju hafungwi na ufunguo ulioandikwa. Huanzia pale koo lake linapomruhusu, na viitikio humfuata hapo. Anayeandika maneno bila toni na bila sauti ameandika nusu ya utendi.

Jambo hili si la vitabuni tu. Machafuko yaliyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993, yakaenea Masisi, na vita vilivyofuata, yamewahamisha watu mara nyingi. Karisi inahitaji kijiji kilichotulia: mwenye kuimba, wenye kupiga fimbo, na wenye kuitikia. Mtu mmoja aliyekimbia huweza kuchukua hadithi kichwani. Viitikio havichukuliki na mtu mmoja.

Inafaa basi wanafunzi wa vyuo vya Goma na Bukavu, hasa wale wanaojua Kinyanga, wawarekodi wazee waliobaki popote walipo, wakiandika toni na kuhesabu mapigo, na wakiwakusanya waitikiaji wakati wa kurekodi. Maneno ya Rureke yako salama katika maktaba. Kinachodaiwa sasa ni mwendo wake.