Mikono Iliyomchora Apolosa

Wapenzi wa katuni Kalemie wakilifungua tena Jeunes pour Jeunes, jarida lililoanza Kinshasa mwaka 1968, watabishana kuhusu mashujaa: Apolosa wa jarida hilo au Superman wa Marekani? Mchoraji hatajwi.

Naye ndiye anayepanga visanduku kwa penseli, akavipitia kwa wino, akasubiri ukauke ndipo afute. Maneno ni kazi nyingine. Kifaransa, Kilingala na Hindubill, lugha ya vijana wa mitaani, vyote vilipaswa kuenea ndani ya kiputo kidogo. Neno likizidi, kichwa cha shujaa kinabanwa.

Superman, aliyeanza kuchapishwa 1938, huruka juu ya Metropolis, mji wa kubuni. Apolosa alipita mitaa ambayo msomaji aliijua. Kiatu au ukuta ukichorwa ovyo, hata mtoto angeona.