Kompyuta ya Injini Inajityuni Yenyewe? Nusu Tu

Kama umewahi kukaa na vijana wanaojifungia kompyuta za injini wenyewe, ahadi hii umeshaisikia: funga sensa, unganisha laptopu, bonyeza kitufe, endesha gari nusu saa, programu inajityuni yenyewe. Nina shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo na niliiamini, kwa hiyo kama na wewe uliiamini usijione mjinga.

Nianze na sifa, maana zipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 MegaSquirt, kazi ya Bruce Bowling na Al Grippo, ilimpa mtu wa kawaida kitu kilichokuwa mikononi mwa viwanda na timu za mashindano: kompyuta ya injini unayoiunga mwenyewe kwa lehemu mezani. Baadaye ikaja Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino Mega. Zote mbili unaweza kuzityuni kwa TunerStudio, na humo ndimo kilimo kile kitufe.

Kitufe kinatatua tatizo la kweli. Kompyuta haioni hewa inayoingia kwenye silinda. Inapima shinikizo na joto la hewa kwenye manifoldi, halafu inapiga hesabu kwa kanuni ya gesi uliyoisoma sekondari. Ila silinda haijai sawasawa kila wakati, kwa hiyo lazima uipe jedwali linalosema inajaa kwa asilimia ngapi kwa kila mzunguko na kila mzigo. Jedwali la 16 kwa 16 lina visanduku 256. Nani atavijaza? Hapo programu inafanya kazi nzuri kweli. Sensa ya ekzosi inasema uwiano wa hewa na mafuta. Ukitaka 12.5 kwa 1 na sensa ikasoma 13.5, mafuta yamepungua kwa karibu asilimia 8, basi programu inaongeza namba ya kisanduku hicho kiasi hichohicho na kuendelea. Ukifanya kwa mkono utaota mvi.

Sifa zangu zinaishia hapo.

Kwanza, sensa ile inanusa oksijeni, haihesabu mafuta. Plagi moja ikikosa cheche, hewa ya silinda ile inatoka bila kuungua, na oksijeni yake yote. Sensa inasoma "mafuta kidogo". Programu, kwa utiifu wote, inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inalowesha plagi. Tundu dogo kwenye ekzosi kabla ya sensa linaweza kuleta uongo uleule. Lakini hili fundi makini atalikamata.

La pili ndilo linalonikera. Kuna jedwali lingine, la taimingi: cheche iruke nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Kitufe hakiligusi kabisa, na hakiwezi. Cheche ikiruka nyuzi 10 au 30, mchanganyiko uliowekwa ni uleule, na namba ya kwenye skrini inaweza kubaki nzuri tu. Moto unahitaji muda kusambaa, ndiyo maana cheche hutangulizwa. Ukiitanguliza kupita kiasi, shinikizo linapanda wakati pistoni bado inakuja juu, na mchanganyiko wa pembeni unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mafundi wanasema injini inagonga. Kwenye silinda yenye kipenyo cha milimita 86, mlio huo uko karibu kilohezi 6 au 7. Sasa jaribu kuusikia ukiwa ndani, vioo viko chini, turbo inapiga mluzi. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Sekunde kumi za kupanda mlima ni milipuko 500, kwa kila silinda.

Wenye vifaa hutumia dainamomita: wanashikilia mzigo usibadilike, wanaongeza nyuzi taratibu mpaka nguvu iache kupanda, na injini ikianza kugonga kabla ya hapo wanarudi nyuma. Sisi wa nyumbani tunaazima jedwali la mtu.

Ndicho nilichofanya kwenye gari la binamu yangu, la lita 2 lenye turbo, kutoka Japani, analosambazia mayai madukani. Tulipewa jedwali la taimingi la injini kama yake. Halikuwa baya huko lilikotengenezwa, ambako petroli ya daraja la juu ina okteni takribani 100. Yetu ya kituoni haifiki huko. Upande wa mafuta kitufe kilifanya kazi safi, visanduku vikatulia, nikapiga na picha. Wiki ya tatu injini ikaanza kutetemeka na kula oili. Tulipofungua, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imekatika ukuta kati ya mifereji ya ringi.

"Kaka, si ulisema inajityuni yenyewe?" Mayai yalisafiri kwa bodaboda mwezi mzima.

Lawama ni yangu, siyo ya programu. Lakini lugha ya "kujityuni" naikataa. Ni jina la kazi nzima lililopewa nusu ya kazi, tena ile nusu yenye huruma: kwenye mizigo midogo, kosa dogo la mafuta kwa kawaida litakuonya kwa moshi au kukohoa. Kosa la taimingi linaweza kukupa gari linalovuta vizuri kabisa, mpaka siku pistoni inapokatika.

Na vitu vilivyokosekana kwangu ni vya bei ndogo. Bomba la shaba lililobamizwa ncha na kufungwa kwa bolti kwenye bloku, likaunganishwa na mpira hadi kwenye viziba masikio, hukuletea mgongo wa injini sikioni. Taa ya taimingi inaonyesha kama nyuzi 15 za kwenye skrini ni 15 kweli kwenye puli ya kranki. Zikipishana, kila namba kwenye jedwali ni uongo, hata jedwali liwe la nani.

Mimi sikupima. Kwa hiyo mpaka leo siwezi kumwambia binamu kama kilichomvunjia pistoni ni jedwali la kuazima au nyuzi ambazo hazikuwa sawa tangu siku ya kwanza.