Nani Kamnakili Nani? Uhakiki wa Hoja Mbili Juu ya Simu Bandia na Hataza

Katika darasa la jioni lililofanyika Mchikichini, hatua chache kutoka Soko la Karume, mwanafunzi mmoja alisimama akatoa hoja ambayo tumekwisha kuisikia vyuoni pia. Alisema kwamba simu bandia ni ushindi wa mnyonge. Bepari wa Marekani anauza simu yake kwa milioni mbili. Mnyonge anapata Kariakoo simu iliyofanana nayo kwa laki moja na nusu. Basi tofauti hiyo ni fedha iliyookolewa kutoka katika makucha ya mabeberu. Darasa likampigia makofi. Ndugu mmoja mwenye duka la simu Mtaa wa Aggrey akajibu kwamba kunakili ni wizi, kwamba kampuni imetumia fedha na akili kubuni kitu chake, na kwamba anayekinakili hana tofauti na mwizi wa kuku. Naye akapigiwa makofi, ingawa machache.

Tunazihakiki hapa hoja zote mbili kwa sababu zote mbili zina kasoro kubwa. Kada atakayeishika ya kwanza atajikuta anamtetea mlanguzi. Atakayeishika ya pili atakuwa wakili wa makampuni makubwa bila hata kulipwa ada ya uwakili.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani hutiwa katika kapu moja liitwalo "feki". Hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichokibuni, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20. Nembo ni jina na alama ya bidhaa, basi. Namba ya utambulisho wa simu, ile ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, ni jambo la tatu tena. Simu yaweza kuwa na nembo halali na ikavunja hataza kumi. Yaweza kuwa na nembo ya kughushi na ndani yake mkawa hamna chochote kinachostahili kuitwa uvumbuzi. Mwanafunzi wetu alisema juu ya nembo akidhani anasema juu ya hataza, na mwenye duka akafanya kosa hilo hilo kwa upande wa pili.

Sasa tuwatazame hao wanaoitwa wenye mali. Mwezi Aprili 2011 kampuni ya Apple iliishtaki Samsung huko California. Madai yalikuwa nini? Pembe za simu zilizoviringwa, uso mweusi ulio bapa, mpangilio wa vijipicha kwenye kioo, na ule mtindo wa ukurasa kudunda kama mpira ukifika mwisho. Tarehe 24 Agosti 2012 baraza la mahakama liliamuru Samsung ilipe kiasi cha dola bilioni 1.05. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2016, likashuka tena, na Mei 2018 baraza jingine likataja dola milioni 539. Mwezi uliofuata mabepari hao wawili wakapatana kwa masharti ambayo hawakuyatangaza.

Na katika miaka yote hiyo biashara kati yao haikusimama. Chipu ya simu ya kwanza ya Apple, ya mwaka 2007, ilitengenezwa na Samsung. Vioo vya simu ya Apple iliyotoka mwaka 2017 vilitoka Samsung. Asubuhi wanaitana wezi mbele ya hakimu, jioni wanaandikiana hati za manunuzi. Ugomvi wao haukuwa juu ya maadili. Ulikuwa juu ya mgawanyo wa faida, na hataza ilikuwa silaha ya ugomvi huo.

Je, hicho walichokigombea kilikuwa cha nani hapo mwanzo? Kioo cha kugusa kilitumika katika miaka ya 1970 kuongozea mitambo ya kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, kituo kinachogharimiwa na kodi za wananchi wa nchi nyingi za Ulaya. Intaneti ilianzia katika mtandao uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani mwaka 1969. Mfumo wa satelaiti unaoielekeza simu mahali ilipo ni wa jeshi hilo hilo. Umma ulilipia utafiti, kisha umma unauziwa matunda yake kwa bei ya ukiritimba. Mwenye duka wa Aggrey akitaka kutafuta kuku aliyeibwa, aanzie huko.

Historia inasema zaidi. Sheria ya hataza ya Marekani ya mwaka 1793 iliwapa hataza raia wake peke yao. Mwingereza aliyebuni mashine hakuwa na haki yoyote pale. Ilipolegezwa mwaka 1836, Mmarekani alilipa ada ya dola 30 na Mwingereza dola 500. Uholanzi iliifuta kabisa sheria ya hataza mwaka 1869, na haikuirudisha mpaka mwaka 1912. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1891, kampuni ya Philips ilizaliwa katika mji wa Eindhoven, ikitengeneza taa za umeme za aina ile ile ambayo Edison alikuwa na hataza zake kwingineko. Philips ilinakili, ikajifunza, ikawa kubwa. Mwaka 2024 Philips hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani nchini India kuishtaki Transsion, kampuni ya Shenzhen yenye nembo za Tecno, itel na Infinix, kwa kuvunja hataza. Qualcomm ya Marekani nayo ilifungua shauri lake dhidi ya kampuni hiyo huko India mwaka huo. Waliokwisha kuvuka mto wanawazuia walio nyuma wasiutumie mtumbwi.

Tusiseme tu kwa hisia, tupige hesabu. Mwaka 2017 Qualcomm ilitangaza kwamba kwa simu ya kizazi cha tano inayotumia pia vizazi vya nyuma itadai asilimia 3.25 ya bei ya simu nzima, bei ikihesabiwa hadi ukomo fulani. Angalia maneno "simu nzima": ukitia kamera bora au betri kubwa, ambayo Qualcomm haikuibuni, fungu lake linapanda. Ericsson ilitangaza mwaka huo dola 5 kwa simu ya bei ya juu, ikishuka hadi 2.50 kwa ya bei ya chini. Nokia ilisema mwaka 2018 haitazidisha euro 3. Chukua sasa simu ya kiwandani ya dola 100. Ongeza na Huawei, ambayo mwaka 2021 ilitangaza ukomo wa dola 2.50 kwa kila simu. Jumla inapita dola 11. Ni kweli kwamba makampuni hupatana kwa siri na kupunguziana, na ambaye hana hataza za kubadilishana ndiye anayepunguziwa kidogo. Lakini mama lishe wa Mchikichini hakai katika meza hiyo ya mapatano. Yeye hulipa yote ndani ya bei, pamoja na bati la kulehemea saketi, madini ambayo sisi tunayachimba Kyerwa na kuyauza kwa kilo.

Wapo watakaoshtuka kuona Huawei katika orodha hiyo, maana tumezoea kusema juu ya Uchina kwa lugha ya kiwanda cha Urafiki na reli ya TAZARA. Msaada ule ulikuwa wa kweli na hatuubezi. Ila Huawei ni kampuni, na kampuni hutafuta faida. Mwaka 2019 Huawei iliishtaki Transsion, Mchina mwenzake, huko huko Shenzhen, kwa sababu ya picha moja ya kupamba kioo cha simu. Mtaji hauna shangazi wala mjomba.

Hapa mwanafunzi wetu atasema: basi nilikuwa sahihi, tunakili tu! Hapana. Ndipo penye kosa lake kubwa.

Philips ilipoinakili taa ya Edison, aliyenakili alikuwa fundi wa Eindhoven kwa mikono yake. Alivunja taa kadhaa, akaunguza nyuzi za kaboni, akakosea, akarudia, na ujuzi ukabaki Eindhoven. Warsha za Shenzhen zilizotoa simu za kuiga katika miaka ya 2000 zilifanya vivyo hivyo: walinunua chipu za MediaTek zilizokuja na michoro tayari, wakaunda makasha, wakaweka laini mbili, wakaweka spika za sauti kubwa, na humo wakakua mafundi, wasambazaji wa vipuri na hatimaye viwanda. Hata wao walighushi nembo, hatukatai. Lakini walitengeneza. Sisi Kariakoo tumetengeneza nini? Simu bandia inashushwa bandarini au uwanja wa ndege ikiwa imekwisha kuungwa, kugongwa nembo na kufungwa katika boksi. Hatukunakili chochote. Tumenunua nakala. Ujuzi wa kunakili umebaki kwa mwingine, faida ya kiwandani imebaki kwa mwingine, na faida ya mlango wa nyuma imekwenda kwa mwagizaji mwenye kontena. Mnyonge amepewa simu ambayo betri yake inavimba baada ya miezi mitatu.

Na hiyo laki moja na nusu si fedha iliyookolewa. Mnunuzi alidhani ananunua kitu fulani, akapewa kingine. Huo ni ulaghai wa mfanyabiashara kwa mfanyakazi, na haubadiliki kuwa ukombozi kwa sababu tu nembo iliyoghushiwa ni ya mabeberu. Leo Tecno na itel, simu za watu wa kipato cha chini, nazo zinaghushiwa. Beberu gani anakomolewa hapo?

Tukubali pia kujikosoa upande wetu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu ambazo namba zake za utambulisho hazikuwa halali, kama Kenya ilivyokuwa imefanya mwaka 2012. Sababu zilizotolewa, za usalama, afya na kudhibiti wizi wa simu, zilikuwa na uzito, na matangazo yalikuwa yameanza miezi mingi kabla. Lakini hatua ile ilimwangukia nani? Simu ilizimika mkononi mwa mchuuzi wa mitumba. Hakuwa na risiti, kwa hiyo hakuwa na pa kudai. Mwagizaji alikuwa amekwisha kuuza na kuhesabu. Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza mali bandia. Ukali wa sheria uanzie kwenye kontena, ndipo utakapokuwa na maana ya kitabaka. Ukianzia mfukoni mwa mnunuzi, unakuwa adhabu kwa aliyekwisha kuibiwa.

Katika mjadala wote ule wa Mchikichini hakuna aliyemtaja fundi. Huyu ndiye anayekaa kwenye kimeza chake kandokando ya barabara, ana taa ya kumulika, kifaa cha kupulizia hewa ya moto na kopo la vipuri vilivyong'olewa. Anafungua simu ya Apple ambayo tangu mwaka 2011 imefungwa kwa skurubu za nyota ya pembe tano, zilizowekwa makusudi ili bisibisi ya kawaida isiingie. Anabadilisha kioo, na simu zilizotoka tangu mwaka 2019 zinamwandikia mteja kwamba kioo hicho hakitambuliki. Anafuatilia njia ya umeme kwenye bodi bila mchoro wowote wa kampuni. Kama kuna mahali katika wilaya nzima ya Ilala ambapo kunakili kwa kujifunza kunaendelea, ni hapo. Naye ndiye anayefukuzwa barabarani pamoja na wauza kava, wala hakuna anayemwandika kuwa ni fundi wa viwanda.

Miaka ya 1970 redio za Philips ziliunganishwa Arusha. Vijana wetu walishika bisibisi, mchoro ukabaki Uholanzi, na kuunganisha kule hakukutuachia kiwanda cha redio kilicho chetu. Sasa majirani wanaunganisha simu. Kiwanda cha Athi River nchini Kenya kilifunguliwa Oktoba 2023. Nasi tukifungua cha kwetu tutaulizwa swali lile lile la Arusha: mchoro uko kwa nani?

Na nafasi ya kisheria ipo, ingawa wachache miongoni mwetu wanaifahamu. Juni 2021 Shirika la Biashara la Dunia liliziongezea nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, muda wa kutolazimika kutekeleza mkataba wa mali za ubunifu hadi tarehe 1 Julai 2034. Mkataba huo huo unazitaka nchi tajiri zihimize makampuni yao kutupatia teknolojia. Sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987 ina vifungu vya leseni ya lazima. Zaidi ya hayo, hataza ina nguvu katika nchi iliposajiliwa tu: uvumbuzi uliosajiliwa Marekani na haukusajiliwa kwetu ni wazi kwa mtu yeyote hapa kuusoma na kuutumia, na maelezo yake, pamoja na michoro, yamechapishwa kwa sharti la hataza yenyewe. Uholanzi ilijipa miaka 43 ya namna hiyo. Sisi tumepewa, na tunaipitisha tukibishana juu ya nembo.

Darasa lijalo tumelipanga liwe mchana, maana jioni mafundi wako kazini. Tumemwomba mmoja wao aje na meza yake. Wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia, ambayo si mbali na hapo, wataleta maelezo ya hataza moja iliyokwisha muda wake juu ya chaja ya betri, yakiwa yamefasiriwa kwa Kiswahili. Yule mwanafunzi wa laki moja na nusu ndiye atakayeyasoma, na fundi atamwonyesha kwenye bodi kila kinachotajwa.