Mkono Uliofyatua na Jamaa Walionyamaza: Uwajibikaji katika Dunia Uwanja wa Fujo Ukitazamwa kutoka Kilimanjaro

Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani mkoani Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu na kujipeleka mwenyewe polisi. Alihukumiwa kifo, akanyongwa. Mwaka 1975 Euphrase Kezilahabi alichapisha riwaya ya Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo Tumaini, kijana aliyeponda mali mjini kabla ya kujijenga kama mkulima mkubwa, anamuua kiongozi kwa risasi baada ya siasa ya ujamaa kuligusa shamba lake. Mshabaha wa visa hivi viwili umekwisha kuonwa na wahakiki, wala makala haya hayakusudii kuurudia. Yanauliza jambo jingine: je, tunamsomaje mtu aliyeshika bunduki, na tunawasomaje waliokuwa karibu naye?

Usomaji uliozoeleka una njia mbili. Ya kwanza ni ya kisiasa: Tumaini ni tabaka, na risasi yake ni mgongano wa umiliki binafsi na Azimio la Arusha. Ya pili ni ya kidhanaishi, na chimbuko lake ni usomaji wa Kichwamaji (1974), ambamo Kazimoto anajiua: mhusika yu peke yake mbele ya ulimwengu usio na maana, na tendo lake ni uamuzi wake. Katika njia ya kwanza mkono unaofyatua ni wa historia. Katika ya pili ni wa mtu mmoja asiye na jamaa. Njia zote mbili hazina nafasi ya swali ambalo jirani yeyote angeliuliza: kabla ya siku ile, nani alimwona akibadilika, na angempeleka wapi?

Lugha yenyewe inachangia ufinyu huu. Katika Kiswahili mtu huua, hufyatua, hukusudia. Vitenzi hivi ni vya kutenda na mtendaji yu wazi. Lakini mtu hupandwa na wazimu, hushikwa na kichaa, hurukwa na akili. Hapa yeye ni mtendwa tu, na kinachotenda kimetoka nje yake. Sarufi inatupa mwuaji au mwendawazimu. Haina kitenzi chepesi cha mtu anayeugua huku bado anajua atendalo. Hata neno kichwamaji ni la kumcheka mtu kabla ya kumsikiliza. Sheria nayo inafuata mgawanyo huo: kila mshtakiwa huchukuliwa kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, kisha huangukia upande mmoja au mwingine.

Ni hapa ambapo miteremko ya Kilimanjaro inaweza kumsaidia mhakiki, kwa kuwa fikra za Wachaga kuhusu dhima zimeandikwa kwa kina kuliko za jamii nyingi za Tanzania. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Moshi ya Kale, alizikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu sheria za Wachaga. Sally Falk Moore, aliyefanya utafiti huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alizitafakari upya. Kwa mujibu wa utaratibu wa kale, fidia ya damu ililipwa na ukoo. Moore anatuonya tusidhani kwamba kwa hiyo mtu binafsi hakuulizwa. Mbele ya watu wa nje ukoo ulijibu kwa pamoja. Ndani, ulimbana mkosaji mwenyewe, na aliyezidisha makosa aliweza kutupwa. Dhima ya wote na dhima ya mmoja zilikuwa tabaka mbili za jambo lilelile. Tena, kwa kuwa ukoo ungelipa, ulikuwa na sababu ya kumchunga mtu wake mapema.

Utaratibu huo tusiupambe. Mtu aliyetupwa na ukoo alibaki bila kihamba na bila msemaji, na huenda baadhi ya waliotupwa walikuwa wagonjwa. Hata hivyo, unatupatia kipimo ambacho Kiswahili cha kisiasa hakikisahau. Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa mkoani Shinyanga, hakuwa amemgusa mtu kwa mkono wake. Watanzania wanasema aliwajibika. Kumbe neno hilo linabeba tayari dhima ya asiyetenda, bila kuifuta ya aliyetenda.

Huenda ikasemwa kwamba usomaji huu unamtafutia mwuaji kisingizio. Sivyo. Mfanyabiashara wa tanzanite aliyeuawa kwa risasi wilayani Hai mwezi Agosti 2013 aliviziwa kwa mpango, na Mahakama Kuu mjini Moshi iliisikiliza kesi hiyo kama njama ya watu wenye akili timamu. Kuita kila risasi ugonjwa ni kuwatukana wagonjwa, ambao wengi wao hawamdhuru mtu. Mwenye kisingizio ni jina la riwaya: ikiwa dunia ni uwanja wa fujo, mchezaji mmoja ataulizwa nini? Kipimo cha Kilimanjaro kinakataa jibu hilo. Tumaini anaulizwa, na rafiki zake wanaulizwa pia.

Kisha linabaki swali la wapi. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka uleule wa mauaji ya Isimani, lakini katika mazungumzo ya Watanzania tiba ya akili iliendelea kuitwa Mirembe, jina la hospitali ya Dodoma lililogeuka tusi. Mtuhumiwa wa mauaji anayedaiwa kuwa mgonjwa hupelekwa Isanga, hukohuko Dodoma, akachunguzwe. Naye anayejaribu kujiua amehesabiwa na Kanuni ya Adhabu kuwa ametenda kosa. Laiti Kazimoto angenusurika, angepokewa kama mshtakiwa. Kwa watu kama hawa, mlango wa daktari umekuwa nyuma ya mlango wa polisi.

Kezilahabi hakuandika riwaya za tiba, na si haki kumdai asichoahidi. Wanaodaiwa ni wahakiki. Tumewafundisha wanafunzi wetu kumuuliza Tumaini yeye ni tabaka gani, na Kazimoto anaamini nini. Tuwafundishe pia kuhesabu katika kila sura waliomwona mhusika akizama, na kupima ukimya wao kwa uzito uleule tunaoupimia mkono wake.