Rangi ya Baiskeli

Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi: rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli, na vipande vya mraba vya hadibodi. Mtaji wake ulikuwa huo tu. Alizaliwa Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kuhangaikia riziki. Chuo cha sanaa hakukijua, wala hapakuwa na mwalimu wa kumkataza rangi ile kwa kuwa si ya picha. Sifa yake kubwa kwangu si chui aliowachora. Ni kwamba aliishusha bei ya kuwa msanii.

Alichorea nyumbani, Msasani, na mkewe Agatha akaziuza picha kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa ndugu na jamaa, wakiwemo Kasper Tedo, Simon Mpata na January Linda. Walikaa kando wakatazama, kama kijana wa gereji anavyomtazama fundi mkuu, mpaka mkono ukazoea.

Na mkono una kazi hapo. Rangi ya mafuta inateleza, na ina kiburi: ukiigusa kabla haijakauka, umeiharibu. Kwanza hupakwa mandhari, ikaachwa. Kisha umbo la mnyama, likaachwa tena. Ndipo zije nukta. Mtazame mchoraji anayemtia kanga madoa: ncha ya brashi inagusa na kuinuka, inagusa na kuinuka, na doa moja likivuja, thina na kitambaa viko karibu.

Wapo wanaozibeza picha hizi. Chui yule yule, tausi yule yule, mbuyu ule ule! Kweli, nyingine hulipuliwa ili mtalii asiondoke mikono mitupu, na madoa yake yanakusimulia haraka hiyo. Lakini kurudia ndiyo shule yenyewe. Kijana asiye na ada anamnakili mkubwa wake, anauza, anakula, na siku moja anachora feri ya Kigamboni au foleni ya daladala ambayo hakufundishwa na mtu.

Tingatinga mwenyewe hakuyaona hayo. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Jamaa zake waliendelea, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji unaobeba jina lake. Siku hizi wengi huchora juu ya kitambaa, kwa kuwa mgeni hukikunja akakitia begini.

Hapo ndipo ninapolalamika: mlango wa kuchora ulifunguliwa, wa kununua umebaki kwa wageni. Sebule zetu za Mbagala na Tandale zina kalenda na maua ya plastiki. Ukipita Oysterbay, ingia kwa wachoraji hawa. Omba punguzo kwa Kiswahili, muulize mchoraji jina lake, uondoke na picha, hata ndogo.